Nimealikwa kwenye klabu ya huduma hapa Malindi: je, mtu mzima hupata marafiki kwa kujaza fomu?

MkaaBaraza:

Assalaam alaykum nyote, na ndugu zetu wasio Waislamu, hamjambo. Nina jambo ambalo nimelitafuna kwa mwezi mzima bila kulimeza, na kwa kuwa hapa pana watu wa Lamu, wa Malindi na wa kwingineko walioishi ndani ya vyama kwa miaka mingi, nimeona niliweke mbele yenu.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni. Nilistaafu kazi ya uhasibu mwaka juzi, tukahamia Malindi mimi na mke wangu ili tuwe karibu na binti yetu na wajukuu, tukapata nyumba upande wa Muyeye. Nyumba haina kasoro, ila ina ukuta mrefu na lango la chuma, na kila jirani ana ukuta wake na lango lake. Kwetu, mtu akishasali laasiri huketi barazani, na baraza ya Kilamu si kiti kilicholetwa baadaye; imejengwa pamoja na nyumba, kwa mawe na chokaa, ikielekeana na mwenziwe, hata mpita njia huona haya kupita bila kuketi. Hapo ndipo unapojua nani anaumwa, chombo cha nani hakijarudi na nani anatafutiwa mchumba. Hapa niliwahi kuhesabu siku nne mfululizo ambazo hakuna aliyenitaja kwa jina langu isipokuwa mke wangu, naye alikuwa ananiita nikafunge mfereji.

Mwezi uliopita, katika foleni ya benki, nilizungumza na bwana mmoja mwenye duka la vipuri, mazungumzo yakanoga hata zamu zetu zikatupita. Kabla hatujaachana alinialika kwenye kikao cha klabu yao ya huduma, ambayo ni tawi la jumuiya iliyoenea duniani. Alinieleza kwamba hukutana kila wiki, hula pamoja, na huchanga fedha na nguvu kwa ajili ya matibabu ya macho, vyoo vya shule na mambo ya namna hiyo. Akasema, "Wewe njoo kama mgeni tu, ukiona tumekuchosha, usirudi."

Nimesita. Mke wangu nilipomweleza aliweka kijiko chini akaniuliza, "Hao si frimasoni?" Sikuwa na jibu. Isitoshe, mimi nimeshaumwa na nyoka. Nilikuwa mwanachama wa chama kimoja cha kufa na kuzikana, nisichokitaja, ambacho tulikichangia shilingi 200 kila mwezi kwa miaka sita, na siku alipofariki mwenzetu tulipofungua sanduku tulikuta karatasi za madeni ya viongozi wenyewe. Sanda ilinunuliwa kwa mchango wa papo kwa papo. Na liko la tatu ambalo naona aibu kidogo kuliuliza: mtu wa miaka 62 anaweza kweli kutafuta marafiki kwa kujaza fomu, au urafiki ni jambo ambalo ukishaliomba limekwisha kuharibika?

MwanaSabaki:

Mzee wangu, mimi nimo katika klabu ya Rotary kwa mwaka wa 11 sasa, na nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililoizaa jumuiya yenyewe. Paul Harris alikuwa wakili aliyelelewa katika mji mdogo huko Vermont, Marekani, kisha akaenda kufanya kazi Chicago, akawa na wateja wa kutosha na marafiki haba. Tarehe 23 Februari 1905 alikutana na wenzake watatu, mmoja mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mmoja mhandisi wa migodi na mmoja mshonaji, wakakubaliana wawe wakikutana kwa zamu katika ofisi zao. Kule kuzunguka ndiko kulikoleta jina la Rotary na ile alama ya gurudumu. Siku ile hapakuzungumzwa kisima wala hospitali. Palikuwa na watu wanne waliotaka kujuana. Hisani ilifuata baadaye, na mojawapo ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kupigania vyoo vya umma katikati ya Chicago, kwa hiyo mtu akikucheka kwamba klabu yenu ni ya vyoo, mwambie ni urithi.

Wenzetu wa Lions walianza katika mji huohuo mwaka 1917, mwanzilishi wao akiwa Melvin Jones, mtu wa bima. Mwaka 1925 Helen Keller, ambaye hakuona wala hakusikia, alihutubia mkutano wao huko Ohio akawaomba wawe watetezi wa vipofu, nao wakalishika ombi hilo mpaka leo. Ndiyo maana ukisikia pana kambi ya macho, aghalabu hukosi kumkuta mtu wao.

Kuhusu kuingia: anayekualika anakudhamini, unahudhuria mara kadhaa kama mgeni, kisha jina lako linajadiliwa. Utaulizwa kazi yako, kwa sababu klabu hupenda kuchanganya watu wa kazi mbalimbali. Hakuna kiapo cha siri, na nimeona wageni, waandishi wa habari na hata mhudumu wa hoteli wakisikiliza kikao chote. Mwaka wetu huanza tarehe 1 Julai, na siku hiyo huingia rais mpya, jambo ambalo wewe mwenye kidonda cha viongozi wa milele utalipenda. Uliza gharama zote kwa pamoja: kiingilio, ada, na chakula cha kila kikao. Mimi kilichonitoa jasho mwaka wa kwanza hakikuwa ada, kilikuwa chakula cha hoteli.

Nitakupa na mfano wa kazi kubwa. Mwaka 1985 Rotary ilianza kampeni ya chanjo ya polio duniani, na mwaka 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani na wengine. Wakati huo wagonjwa wapya walikadiriwa kuwa 350,000 kwa mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena kirusi cha polio cha asili. Mchango wangu katika habari hiyo ulikuwa kubeba kisanduku cha barafu njia ya Marafa, nyuma ya muuguzi aliyekuwa anatembea kasi kuliko mimi. Nyumba ya tisa tulikataliwa, ya kumi tukapewa madafu.

Kidau:

Ami MkaaBaraza, kwa kuwa neno frimasoni limeshatajwa, naomba niwaonye wasomaji. Mpwa wangu alipata ujumbe wa simu uliomwahidi gari na nyumba iwapo angejiunga na "chama kikuu", akatuma shilingi 3,500 za usajili, kisha 5,000 za "pete", na alipoambiwa atume nyingine za "kibali cha benki" ndipo alipotujia nyumbani analia. Hao si wanachama wa kitu chochote. Ni wezi wanaotumia jina linalotisha, kwa sababu mtu aliyeibiwa akitafuta utajiri wa siri haendi kushtaki.

MkaaBaraza:

Kidau, pole na yaliyomfika mpwa wako. MwanaSabaki, ahsante sana, hasa kwa habari ya Paul Harris, ambayo nilimsomea mke wangu kwa sauti. Amelegeza kidogo, lakini bado ameniuliza dini inasemaje.

MaalimShela:

Ndugu yangu, hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyakoroga katika chungu kimoja. Umasoni unaojulikana una mwanzo wake wa wazi: loji nne za London, yaani matawi yao, ziliungana mwaka 1717 zikaunda Loji Kuu. Hao wana viapo, wana daraja, wana alama za kutambuana, humtaka mwanachama amwamini Mungu, na hukataza mabishano ya dini na siasa ndani ya loji. Hawaahidi utajiri, na wana hospitali na misaada yao. Hata hivyo, Papa Klementi wa 12 aliwakataza Wakatoliki kujiunga nao mwaka 1738, Vatikani ikalirudia katazo hilo mwaka 1983, na Baraza la Fiqhi la Rabita, ile jumuiya ya Waislamu wa dunia yenye makao Makka, lilitoa uamuzi mwaka 1978 kwamba Mwislamu haruhusiwi kujiunga nao.

Klabu za huduma ni jambo jingine kwa sura yake, ila sitakuficha kwamba wako maulamaa waliozijumlisha katika hukumu hiyohiyo, na wako Waislamu wengi wenye kusali safu ya mbele ambao ni wanachama na hawaoni tatizo. Mimi sitoi fatwa kwa simu. Nenda kwa shekhe unayemwamini ukiwa na katiba yao mkononi, umsomee kile ambacho mwanachama anakiahidi kwa ulimi wake, naye akujibu kwa hicho, asikujibu kwa uvumi. Na ukifika kwenye kikao ukakuta saa yake inagongana na sala, waambie. Watu wenye heshima watasogeza kikao.

BintiNahodha:

Nimesoma yote haya, na ninyi akina baba mnazungumza kana kwamba jambo hili limeshuka na meli. Nyanya yangu alikuwa mtu wa lelemama. Mnaidhani ni ngoma tu, lakini ilikuwa chama chenye vyeo, kiingilio, sare za leso na adhabu kwa asiyehudhuria, na mwanachama akifiwa au akioza binti, wenzake walikuwa jikoni kwake kabla kuni hazijapasuliwa. Ushindani wao ulikuwa mkali, na fedha nyingine zilipotelea kwenye ushindani huo. Sisemi walikuwa malaika.

Hiyo Rotary yenu ya Chicago iliwafungia wanawake milango kwa zaidi ya miaka 80. Klabu moja ya Rotary huko California iliingiza wanawake, ikafukuzwa, kesi ikafika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani mwaka 1987, klabu ikashinda, na kanuni za dunia nzima zikabadilishwa mwaka 1989. Kwa hiyo, ami, ukienda kama mgeni, usiangalie ubaoni palipoandikwa majina ya marais. Angalia nani anasimama kuosha vikombe. Na huyo mama watoto aliyeweka kijiko chini, mbona haalikwi yeye?

MzeeWaMkunguni:

Bintiye ndugu yangu umesema kweli, nami naongezea upande wa wanaume. Beni, ngoma ya vyama iliyoiga bendi za kijeshi, ilichipuka pwani yetu hii, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, na ilipovuka kwenda Tanganyika ikawa Marini na Arinoti. Watu hucheka wakisikia kwamba makuli na makarani walijipa vyeo vya ufalme na ujenerali, wakavaa kofia na kubeba bakora, lakini chini ya kofia palikuwa na daftari. Mgeni aliyefika mji asioujua alipokelewa na wenzake wa beni, akilazwa hospitali alitembelewa, akifa alizikwa. Kijana aliyetoka kwao hakuhitaji ngoma. Alihitaji mtu wa kumjua siku atakapoanguka.

Na jambo hili halina kabila. Wako watu waitwao Odd Fellows, ambao walianza Uingereza kama vyama vya mafundi wa kawaida. Mmoja wao, Thomas Wildey, alihamia Baltimore, Marekani, akajiona peke yake, basi akatia tangazo gazetini kuuliza kama wamo wenziwe mjini. Wakajitokeza wachache, na tarehe 26 Aprili 1819 wakaanzisha loji yao, watu watano, katika nyumba ya ulevi (Maalim atanisamehe). Kazi waliyojipangia ilikuwa kumtembelea mgonjwa, kumsaidia mwenye dhiki, kumzika maiti na kumsomesha yatima. Sasa niambieni, hiyo si kazi ya mtaa wowote wa Lamu? Tofauti ni kwamba sisi tulizaliwa ndani yake, na jeneza likipita vichochoroni bega linajitia lenyewe bila mtu kuulizwa yeye ni mwanachama namba ngapi. MkaaBaraza ametoka kwenye mji wa namna hiyo akaingia kwenye mji wa malango. Wildey alitangaza gazetini, yeye ametangaza hapa. Sioni aibu iko wapi.

Mkosoaji_wa_Barani:

Nitakuwa mkavu kidogo. Nimeona klabu hizi zikifika kijijini na magari manne kukabidhi madawati 20, na hundi ya karatasi kubwa kama mlango, na picha zilizochukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kuna shule, siitaji, iliyopewa kisima cha pampu ya mkono. Miezi minane baadaye pampu ilikufa, na mpaka leo mbuzi wanajikuna hapo. Kama unatafuta marafiki, mzee, tafuta. Lakini usituambie ni kwa ajili ya maskini.

MwanaSabaki:

Ndugu yangu wa Barani, ningependa kukukatalia lakini siwezi, kwa sababu kisima kama hicho nimewahi kukisimamia mimi. Kilichoiua pampu yetu kilikuwa kipande cha mpira kinachozuia maji yasirudi chini, kitu cha kutia mfukoni, ambacho kinajulikana kwamba huchakaa na lazima kibadilishwe. Sisi tulinunua pampu, tukapiga picha, hatukumfundisha mtu kuifungua wala hatukuacha vipuri. Mwenyekiti wa kamati ya maji alipotupigia simu, kumbe namba tuliyompa ilikuwa ya rais wa mwaka uliopita. Yaani hilo badiliko la kila Julai ambalo nililisifu hapo juu lina ubaya wake: kila rais anataka mradi wake mpya, na wa mwenzake unabaki yatima.

Tulirudi baada ya mwaka. Tuliwafundisha akina mama wawili kufungua pampu kwa spana, na shule ikakubali kuweka akiba ndogo ya vipuri kutokana na mchango wa maji. Siku hiyo hapakuwa na picha, na mwanachama mwenzetu mwenye duka la vipuri ndiye aliyeleta mipira kwa bei ya kununulia. Kusema kweli, urafiki wangu na yeye ulianza hapo, sote wawili tumelala kifudifudi tukichungulia shimo. Miaka mitatu ya kula naye kuku wa hoteli haikuwa imefanya kitu.

Karani_MK:

Mimi hushughulika na usajili wa vikundi, kwa hiyo nitasema la kikazi tu. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii, kikundi kinahitaji watu wasiopungua 10, katiba na viongozi waliochaguliwa, na usajili hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Vyama vingine husajiliwa na Msajili wa Vyama, na hao wanatakiwa kuwa na orodha ya wanachama, vitabu vya hesabu na mkutano mkuu kila mwaka. Ndugu MkaaBaraza, wewe ni mhasibu. Omba cheti cha usajili na hesabu za mwaka uliopita. Uliza pia kama fedha za hisani ziko kwenye akaunti tofauti na fedha za chakula. Chama safi hakikasiriki kwa swali hilo, na anayekasirika amekwisha kukujibu.

MkaaBaraza:

Ndugu zangu, nimekaa kimya wiki tatu, sasa nimerudi na habari.

Nilikwenda. Kikao cha kwanza kilinichosha kama nilivyoahidiwa: matangazo, kengele, kusimama, kuketi, na hotuba ya mtu wa mikopo ya magari. Niliomba hesabu. Mweka hazina wao, mama mmoja wa makamo mwenye duka la dawa, hakukunja uso, alifungua mkoba akanipa karatasi zote, akaniambia, "Ukiona kosa niambie leo, nisisubiri mkaguzi." Akaunti ni mbili. Niliona kosa moja la shilingi 450 lililoandikwa mara mbili, nikamwonyesha, akafurahi kupita kiasi.

Kilichonifungua ni Jumamosi ya kambi ya macho. Sikupewa kazi ya heshima. Nilipewa kalamu na mkanda wa karatasi wa kubandika, niwaandike wagonjwa wa mtoto wa jicho na kubandika alama juu ya jicho linalopasuliwa, kulia au kushoto, kwa kuwa daktari hataki kuuliza mara mbili. Bwana wa vipuri alikuwa anabeba birika la uji. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Ngomeni, haoni macho yote mawili, ambaye tangu asubuhi aliniita Athumani. Nilimwambia jina langu mara tatu. Mjukuu wake akaninong'oneza kwamba Athumani alikuwa kaka yake, marehemu, na kwamba nina sauti yake; nikaacha kumsahihisha. Upasuaji haukuchukua hata nusu saa. Wanaitoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, wanatia kipande cha plastiki mahali pake, wanafunga bandeji, basi.

Jumapili asubuhi bandeji zilifunguliwa, na mimi nilijitia kwamba nimepita tu. Bibi alipepesa, akatazama mikono yake juu na chini, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe si Athumani. Na shati umelifunga kombo." Kweli, nilikuwa nimeruka kifungo. Bwana wa vipuri alicheka mpaka uji ukammwagikia, na tangu siku hiyo, hapa mjini, ananiita Athumani kwa sauti ya kuvuka barabara.

Fomu bado sijaijaza. Shekhe wangu ameichukua katiba na ameomba wiki mbili aisome. Mama wa duka la dawa ameniomba nimsaidie kuandaa daftari la miradi ya zamani, ili kila kisima kiwe na jina la mtu anayepigiwa simu hata Julai ikipita. Kazi hiyo nimeikubali kama mgeni. BintiNahodha, suala lako nilimfikishia mke wangu neno kwa neno. Alhamisi hii anakuja kikaoni. Amesema ataketi karibu na mlango.